Hruska Aliyekunywa Kahawa

Maribeth Pavelka alikuwa mtu wa barua. Simu ikilia aliitazama kwanza, kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua, na mara nyingi iliacha kulia kabla hajaamua. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitabu vibovu katika maktaba ya chuo, pale Lincoln, Nebraska. Aliipenda kwa sababu kitabu kilichochanika hakimuulizi mtu habari za asubuhi.

Lakini kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alijikaza, akaenda kunywa chai ya asubuhi na watu wa chama. Walikuwa kama arobaini hivi, wengi wao wastaafu, na ugonjwa wao ulikuwa mmoja: historia ya besiboli. Hawakulipwa na yeyote. Waliandika simulizi za mechi zilizochezwa kabla baba zao hawajazaliwa, na wasifu wa wachezaji waliosahauliwa hata na wajukuu wao, kisha maandishi hayo yakakusanywa kuwa vitabu. Kwa miaka miwili Maribeth alikuwa amekaa mwisho wa meza, karibu na mlango. Alikuwa ameandika simulizi tatu za mechi. Wasifu hajawahi.

Mwaka ule chama kilikuwa kinaandaa kitabu kilichoitwa *Kikombe Kimoja*. Jina lilitokana na msemo wa watu wa besiboli wenyewe. Mchezaji akipanda Ligi Kuu, akacheza siku mbili tatu tu kisha akarudishwa alikotoka, husemwa kwamba alikunywa kikombe cha kahawa na timu ile. Maana yake ni kwamba hakukaa hata muda wa kumaliza mlo. Kitabu kilikuwa cha watu wa namna hiyo, wale waliocheza mechi moja tu maishani.

Na miongoni mwao kulikuwa na Hruska.

Katika rejista kubwa ya wachezaji, chini ya herufi H, alikuwa na mstari mmoja: *Hruska. Jina la kwanza halijulikani. Saint Louis, Septemba 1938. Mechi moja.* Alikuwa ameingia kupiga mpira mahali pa mwenzake katika zamu ya nane, akatolewa, akarudi kukaa benchi, na hapo dunia ikampoteza. Hakuna aliyejua alizaliwa wapi wala alizikwa wapi.

Orville Tjaden, mhakiki mkuu wa chama, alikuwa amemtafuta kwa miaka thelathini na mmoja. Orville alikuwa mpima ardhi mstaafu mwenye umri wa miaka sabini na minane, na hakuamini kitu ambacho hakijapimwa kwa kamba. Kila wasifu ulipita mikononi mwake kabla ya kuchapwa, na ulirudi ukiwa umejaa swali moja kwa wino mwekundu pembezoni: *Umejuaje?* Alikuwa amewaandikia akina Hruska wote waliomo katika vitabu vya simu vya majimbo saba. Wawili walimtishia kwa wanasheria, na mmoja, mjane wa Kansas, alimposa.

Basi mwezi wa Februari, Maribeth akiwa anapitia magazeti ya zamani ya mji mdogo wa Tabor Creek, aliona tangazo la tanzia la mwaka 1967. Alilisoma akasimama. Akalisoma tena akiwa wima: *Marehemu Emil Hruska, mpishi wa stesheni yetu kwa miaka ishirini na sita, atakumbukwa kwa ukarimu wake, na kwa kile kikombe cha kahawa alichokunywa na timu ya Saint Louis mwaka 1938.*

Jumamosi alilipeleka mezani likiwa limekunjwa mara nne. Alilisukuma tu mbele ya Orville kwa kidole. Orville akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akasoma upya.

"Binti," akasema, "nipe kiti."

"Umekikalia, Bwana Tjaden."

"Ah. Vizuri. Nitabaki hapa hapa."

Meza nzima ilisimama. Mwenzao mmoja anayeitwa Lowell, aliyewahi kuuza matrekta na mwenye sauti ya kazi hiyo, akapiga meza mpaka vijiko vikaruka. "Miaka thelathini na mmoja, Orville! Na wewe ulikuwa unamwandikia yule mjane wa Kansas!"

"Mjane aliniandikia mimi," Orville akajibu, lakini hakuwa na hasira. Alikuwa anamtazama Maribeth kwa macho ambayo yeye hakuyazoea, macho ya mtu anayekushukuru mbele za watu. Maribeth aliinama, akaanza kuhesabu chembe za mkate kwenye sahani yake.

Maribeth alimwandikia binti wa marehemu, Bi Blanche Ottesen, aliyekuwa bado anaishi Tabor Creek, na jibu lilikuja baada ya wiki, kwa mwandiko uliolala upande. *Ndiyo, ni baba yangu. Kahawa ile aliizungumzia mpaka anakufa. Sikujua kwamba kuna watu wanaiandikia kitabu, lakini nasema ni wakati wake. Njoo, nitakusimulia yote.*

Maribeth akaandika wasifu. Aliuandika kwa upendo, jioni baada ya jioni, mezani kwake jikoni. Orville aliurudisha ukiwa na *Umejuaje?* kumi na moja. Kumi alizijibu. Ya kumi na moja ilikuwa kando ya sentensi iliyosema kwamba Emil Hruska aliondoka jikoni akaenda kucheza Ligi Kuu. Mpishi wa stesheni, aliingiaje timu ya Saint Louis?

Zikiwa zimebaki siku tisa kabla ya maandishi kwenda kwa mchapaji, Maribeth alishika njia kwenda Tabor Creek.

Bi Blanche alikuwa na umri wa miaka themanini na tisa, mwembamba, mwenye aproni ya maua na kiburi cha mtu anayejua kuoka. Kolachi, vile vimkate vitamu vya Kicheki, zilikuwa mezani tayari, zile za jemu ya aprikoti na zile za jibini.

"Kula, mpenzi. Wewe ni Pavelka wa wapi? Wa Wilber?"

"Babu yangu alitoka Wilber."

"Nilijua. Wa Wilber wote wana shingo hiyo. Kula nyingine. Huwezi kuandika habari za baba yangu ukiwa na njaa, atanijia ndotoni."

Maribeth akala. Kisha akafungua daftari, akauliza swali la Orville kwa sauti ndogo, na Bi Blanche akaweka mikono yake mapajani kama mtu anayejitayarisha kuimba kanisani.

"Ilikuwa Aprili," akasema. "Mto ulikuwa umekula daraja. Timu ilikuwa inatoka mazoezini California, inarudi nyumbani kwa treni, na treni ikakwama hapa kwetu toka alfajiri. Wanaume thelathini, mpenzi! Wakubwa kama milango. Baba alikuwa peke yake jikoni, na mimi nilikuwa na miaka minane, kazi yangu kubeba sukari. Tuliwapikia mayai mpaka kuku wakatuchoka."

"Aprili," Maribeth akasema. Kalamu yake ilisimama.

"Aprili. Walipochoka kukaa, wakatoka kwenda malishoni nyuma ya stesheni, wakacheza na wafanyakazi wa reli. Wa reli walikuwa wamepungukiwa na mtu mmoja, wakaja kumvuta baba. Akaenda na aproni yake. Alikuwa anaogopa mpira, maskini. Yule mrushaji alimwonea huruma, akawa anarusha polepole mno, hata mimi ningeupiga. Baba akapiga hewa. Akapiga hewa. Akapiga hewa mara ya tatu, akasema ahsante, akarudi kutazama mikate."

Akacheka, na Maribeth naye akacheka.

"Sasa sikiliza, hapa ndipo penyewe. Wakarudi ndani. Baba akachukua birika aanze kuwamiminia. Basi yule jamaa mkubwa aliyekuwa anadaka mipira, mwenye vidole vilivyopinda, akainuka, akamnyang'anya birika. Akamwambia, 'Kaa, mpishi. Leo unakaa wewe.' Akamkalisha katikati yao na kumimina. Baba akanywa. Wale wanaume thelathini wakamngoja mpaka akamaliza." Bi Blanche akapangusa makombo mezani. "Alifanya kazi stesheni ile miaka ishirini na sita. Watu waliingia na kutoka. Siku ile ndiyo pekee aliyoambiwa akae."

Maribeth alikuwa ameacha kuandika. Arobaini wale wa chama walikuwa wameisoma ile sentensi ya tanzia mmoja mmoja, watu waliosoma, watu wenye miwani, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba kahawa inaweza kuwa kahawa.

"Na Septemba mwaka ule," akauliza, "hakwenda Saint Louis?"

"Baba? Kwenda Omaha tu alikuwa anatapika njiani." Bi Blanche akamsogezea sahani. "Nimeshawaambia kanisani wote. Mchungaji anataka kukitangaza. Kitabu kinaitwaje vile?"

"*Kikombe Kimoja*."

"Jina zuri sana," akasema Bi Blanche, na macho yake yakalowa. "Mtu aliyelichagua alielewa."

Maribeth alishukuru, akafungiwa kolachi sita kwenye kitambaa, akaondoka bila kusema lililopaswa kusemwa.

Barabara ya kurudi Lincoln imenyooka, na barabara iliyonyooka humpa mtu nafasi ya kufikiri mabaya. Ukweli ulikuwa kwamba hakuna ambaye angejua. Jina lilikuwa sawa, mwaka ulikuwa sawa, timu ilikuwa sawa. Angejibu ile *Umejuaje?* ya mwisho kwa kuandika kwamba familia imethibitisha. Orville angepata mtu wake kabla hajafa. Bi Blanche angepata kitabu chake. Yeye mwenyewe angepata wasifu wake wa kwanza, wenye jina lake chini, na yale macho ya Orville ya kushukuru mbele za watu. Wote wangefurahi. Na Hruska wa kweli, yule aliyesimama mara moja mbele ya mrushaji wa Ligi Kuu moyo ukimwenda mbio, angefutika kabisa, kwa sababu hakuna atakayemtafuta mtu aliyekwisha kupatikana.

Alipofika nyumbani hakuvua koti. Alichukua simu akapiga.

"Tjaden."

"Bwana Tjaden, ni Maribeth."

"Maribeth gani?"

"Pavelka."

"Pavelka hapigi simu. Nani amekufa?"

"Hruska," akasema, kisha akaona amekosea. "Namaanisha, alikufa zamani. Namaanisha siye. Siye yeye, Bwana Tjaden. Alikunywa kahawa."

"Najua alikunywa kahawa."

"Hapana. Alikunywa *kahawa*. Kwenye kikombe."

Alisikia saa ya ukutani ya nyumbani kwa Orville.

"Umejuaje?" Orville akauliza hatimaye, taratibu.

"Binti yake ndiye aliyebeba sukari." Akamsimulia yote, kwa haraka, akiwa amefumba macho. Alipofika mahali pa birika sauti yake iliyumba, lakini alimaliza. "Samahani sana. Miaka thelathini na mmoja. Nilikupa mtu halafu nimekunyang'anya."

"Ungeweza kunyamaza."

"Nilifikiri kunyamaza. Toka Tabor Creek mpaka hapa, karibu njia nzima."

"Mimi ningekuamini, unajua hilo? Mimi! Nilikuwa tayari kumzika mtu katika kaburi la mwingine, na kuweka maua." Kisha Maribeth akasikia sauti ambayo kwanza alidhani ni kilio, kumbe mzee alikuwa anacheka. "Watu arobaini! Lowell aligonga meza! Tungempa tanzia ile mke wa yeyote kati yetu, angetuambia hapo hapo: kahawa, wajinga nyie."

Kicheko kikaisha. "Bado yuko huko nje basi," Orville akasema, kwa sauti ya chini. "Sawa. Na yule bibi umemwambia?"

"Bado."

"Hilo sitakufanyia."

"Najua. Lakini nataka kuandika ile mechi. Ya malishoni. Simulizi ya mechi naijua, nimeshaandika tatu."

"Mechi isiyo ya ligi, isiyo na jedwali la matokeo, shahidi mmoja, na shahidi mwenyewe alikuwa na miaka minane?"

"Ndiyo."

"Tafuta wa pili," akasema Orville, akakata.

Maribeth aliomba siku moja ya ruhusa kazini. Mkusanyo aliokuwa ameutumia Februari haukuwa na magazeti ya miaka ile, na alilazimika kukaa kwenye ofisi ya nyaraka za jimbo, mbele ya mashine ya kusomea filamu, akizungusha Aprili 1938 ukurasa kwa ukurasa: bei za nguruwe, mafuriko, arusi, mafuriko. Saa tisa alasiri akaipata, mistari minne chini ya tangazo la mbegu. *Timu ya Saint Louis ilikwama kwetu Jumanne kwa sababu ya daraja. Vijana wa reli walijaribu bahati yao, wakafungwa kumi na nne kwa mbili. Mpishi wetu Hruska alipiga hewa mara tatu kwa heshima zote. Baadaye wageni walimnywesha kahawa.*

Aliweka kiganja chake juu ya kioo cha mashine. Kilikuwa na joto.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na ubishi. Lowell alisema kitabu ni cha waliocheza Ligi Kuu, na ukimwingiza mpishi leo, kesho utaletewa dereva wa treni. Orville akasema yeye binafsi angependa sana kumsoma dereva wa treni. Lowell akasema Orville amezeeka. Orville akasema hilo limeshahakikiwa. Ndipo Maribeth akainuka kutoka mwisho wa meza, uso ukimwaka, akasema maneno ambayo alikuwa ameyakariri garini:

"Kitabu kina jina la kahawa. Hakuna aliyekunywa humo ndani. Huyu alikunywa."

Akakaa. Lowell aliomba sukari. Wakampa kurasa mbili, mwisho kabisa wa kitabu, baada ya wasifu wa mwisho. Hruska wa rejista akabaki na mstari wake mmoja.

Tabor Creek alirudi Jumapili baada ya ibada. Safari hii hakugusa kolachi kwanza. Alisimama karibu na mlango wa jiko akayasema yote kama yalivyo: ule msemo na maana yake, Hruska mwingine, kosa lake mwenyewe, na jinsi alivyokaa kwenye kiti kile akaogopa kusema.

Bi Blanche alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Mlidhani baba alikuwa *mchezaji*?"

"Ndiyo, Bi Blanche."

"Baba! Aliyeuogopa mpira, mpenzi, mpira mdogo kama chungwa!" Alicheka mpaka akakohoa, na Maribeth akamletea maji. Alipokwisha kunywa, kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. Alizungusha glasi juu ya kitambaa cha meza. "Kwa hiyo hayumo kitabuni. Sema tu, mwanangu. Nimeshazika watu wengi, nitalibeba na hili. Nitamwambia mchungaji nilisikia vibaya."

"Yumo," akasema Maribeth. "Si kama mchezaji wa Ligi Kuu. Mwisho kabisa, kurasa mbili. Lakini ni yeye, na ni siku ile. Naweza kukusomea?"

Alikuwa hajawahi kumsomea mtu kitu alichokiandika. Alisoma macho yakiwa kwenye karatasi, haraka mwanzoni, kisha polepole kwa sababu Bi Blanche alimwambia, "Usikimbie, hakuna treni." Alisoma daraja, mayai, malisho, ile kumi na nne kwa mbili. Alisoma mapigo matatu ya hewa. Hapo Bi Blanche akainua kidole.

"Aproni ilikuwa na mistari ya buluu."

Maribeth akaandika: mistari ya buluu. Akaendelea mpaka kwenye birika, mpaka yule mtu mwenye vidole vilivyopinda, mpaka "Leo unakaa wewe." Akafika mwisho, akashusha karatasi.

Bi Blanche alikuwa anatazama dirishani, kuelekea mahali stesheni ilipokuwa kabla haijabomolewa.

"Kitabu kama hicho," akauliza, "kinasomwa na watu wangapi?"

"Si wengi. Mia nne, labda."

"Mia nne." Alilirudia kwa mdomo tu, bila sauti, kisha akafuta macho kwa ncha ya aproni. "Baba angekuwa ameshawabandikia maji ya kahawa."